Mama Kibofu na Picha ya Kila Siku

Ijumaa, 27 Juni. Asubuhi ya manyunyu na ubaridi kidogo. Leo mtaalamu wetu wa tiba ya mionzi, anayejulikana korido nzima kwa jina la Mama Kibofu, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja.

Jina hilo alilipata kihalali. Wanaume wanaotibiwa saratani ya tezi dume hunywa glasi nne za maji, kisha hujizuia saa nzima. Kibofu kikijaa, husukuma utumbo kando. Kikiwa kitupu, utumbo huteremka kwenye njia ya mionzi na kuunguzwa bure. Kwa hiyo kila siku, kabla ya mionzi, Mama Kibofu humpiga mgonjwa picha ya tumbo kwa ultrasaundi, kipimo cha mawimbi ya sauti. Maneno matupu hayapokei. Mwalimu mmoja mstaafu aliapa kwamba amemaliza glasi zote. Mama Kibofu akatazama skrini. "Mwalimu, rudi kwenye benchi. Humu hamna hata tone." Kumbe maji alikuwa akimwagilia ua la chumba cha kusubiri, ambalo mwezi ule lilinawiri kuliko mfanyakazi yeyote wa idara.

Miaka tisa iliyopita foleni ilirefuka, na daktari mkuu wetu akatangaza kuwa picha zitapigwa mara moja kwa wiki. Siku nyingine, alama za wino kwenye ngozi zingetosha kuelekeza mionzi. Mama Kibofu hakubishana. Alimwomba tu, kwa heshima zote, ajilaze mezani yeye mwenyewe.

Alimchora alama, akampiga picha akiwa ametoka msalani, akamnywesha glasi nne, akamketisha na wagonjwa. Dakika ya arobaini daktari alikuwa hakaliki.

"Dada, bado tu?"

"Bado, Daktari. Wenzako hapo wametulia."

Saa ilipotimia akampiga picha ya pili. Alama za wino zilikuwa palepale. Utumbo ulikuwa umehama sentimita nne.

"Huu ni wangu?"

"Wako kabisa. Sasa niambie utumbo wa nani tuuchome hadi picha ya Jumatatu ijayo."

Daktari alifuta tangazo lake papo hapo, kwa sauti, akiwa tayari anakimbilia mlangoni. Tangu hapo, hakuna mgonjwa aliyewashiwa mashine yetu bila picha ya siku hiyo.

Dada yetu, asante. Wapo watu wanaokula vizuri leo, na hawajui kwa nini. Tunakuombea afya, siku ndefu, na wajukuu wanaoaminika bila kupigwa picha.