Hatamu Alizoshika Mama Stefania

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu. Baba Paroko, uliyeahirisha safari ya Mahenge ili uwe nasi. Shehe wetu wa hapa Lipangalala. Ndugu Afisa Ugani. Ndugu Restituta, Katibu wa Umoja na msimamizi wa mkutano huu. Wageni mliovuka mto kutoka upande wa Malinyi, nanyi mliokuja na lori kutoka Sanje. Ndugu zetu Wasukuma mlioacha ng'ombe kwa vijana ili mfike. Wanachama wenzangu wa Umoja wa Wakulima wa Mpunga. Na wewe, Mama Stefania, ambaye itifaki imekuweka mwisho ingawa sote tumekuja kwa ajili yako: wanaostahili shikamoo yangu nawapa, ijapokuwa kwa umri huu wamebaki wachache, na wengine wote nawaamkia kwa amani.

Mimi ni Mzee Hermenegildi, mnanifahamu. Nikimaliza kusema, mtapiga kura. Mama Stefania ameomba kuacha uenyekiti na amempendekeza kijana wetu Beatus ashike nafasi yake. Wengi wenu hamtaki. Mnataka tubadilishe katiba yetu leo hii, ili Mama abaki mpaka nguvu zimwishe. Juzi wajumbe walikuja kwangu, wakaketi, wakaniambia, "Babu, wewe ni mtu wa kusoma, maneno unayajua. Mbembeleze Mama asiachie hatamu." Nilikubali kusimama mbele yenu. Sikuwaahidi nitasema nini.

Nitaanza na neno lenyewe walilonipa, hatamu. Tunalo midomoni kila siku. Miaka ile ya operesheni ya vijiji redio ilitutangazia kwamba Chama kimeshika hatamu. Siku hizi vyama ni vingi na kila kimoja kinaziomba. Mwalimu mkuu akihamishwa tunasema amekabidhi hatamu. Hata bwana harusi, Pasaka iliyopita, aliambiwa ashike hatamu za nyumba yake, na bibi harusi akacheka mpaka shela ikamteleza. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuziona hatamu kwa macho? Bonde hili halina farasi, wala halijawahi kumlea. Mbung'o wa mbuga zetu wasingemwacha amalize msimu mmoja.

Kamati ya maandalizi ya sherehe hii ilipokaa kutafuta zawadi, mtu mmoja alisema, "Kwa kuwa Mama anakabidhi hatamu, tutengeneze hatamu yenyewe, aikabidhi mbele ya watu." Makofi yakapigwa, kazi akapewa fundi wetu wa mbao, Fridolin. Hakuna aliyemuuliza kama anaijua, na yeye kwa adabu yake hakuuliza. Baada ya siku chache nikapita karakana kwake, nikamkuta anapiga randa.

"Unatengeneza nini, fundi?"

"Hatamu, babu."

"Mbona ina miguu minne?"

"Sasa, babu, ikiwa na mitatu mtu atakaaje?"

Nikamweleza. Akashusha randa, akanitazama kwa masikitiko. "Mninga wote huu nimeshaupasua, babu. Huyo farasi atanirudishia?"

Nkwabi, ambaye wote mnamjua na jembe lake la ng'ombe, alikuwa pale akisubiri nira yake irekebishwe. Alicheka hadi akashika ukuta. "Hawa Wandamba! Neno mmelitumia miaka yote, kumbe hamjui lina miguu mingapi!"

"Haya, Msukuma, wewe unayelijua, sema."

Nkwabi akafikiri. "Sisi ng'ombe tunamwita jina lake, anageuka. Akikataa, tunamtukania mama yake."

Kiti kile ndicho alichokalia Mama Stefania sasa hivi, na ni kiti kizuri. Msimcheke Fridolin. Kosa lake ni letu sote, na lina sababu yake: kila tuliposikia kwamba fulani ameshika hatamu, tulimwona mtu aliyekaa juu. Hatukuona kwamba chini yake kuna kiumbe mwenye kinywa.

Mimi niliondoka bondeni nikiwa sijaota ndevu, nikamfuata wakala wa vibarua hadi kaskazini, kwenye mashamba ya ngano yaliyo chini ya Kilimanjaro upande wa machweo, nikawekwa zizini kutunza farasi wa mlowezi. Nilikaa huko mpaka nywele zikabadilika rangi. Niliporudi, kijiji nilichozaliwa kilikuwa kimehamishiwa barabarani, na palipokuwa na nyumba ya mama yangu, karibu na maji, paliota matete. Kindamba changu kimechakaa. Wajukuu za watu hunisahihisha njiani. Nilichorudi nacho ni maneno machache ya farasi, ambayo hapa hayanunui hata chumvi. Leo kwa mara ya kwanza nimepata pa kuyatumia, nanyi mnivumilie.

Hatamu ni ukanda wa ngozi, mrefu na mwembamba. Ncha zake mbili hufungwa kwenye lijamu, yaani chuma kinacholala kinywani mwa farasi, juu ya ulimi, katika pengo ambalo Mungu hakumtilia meno. Katikati ya ukanda huo hukaa mkononi mwa mpandaji. Wanaochunguza asili za maneno wanasema hili lilitufikia kutoka kwa Waarabu, ambao kwao lilikuwa kamba ya pua ya ngamia. Awe farasi au ngamia, jambo ni moja: upande mmoja kuna mkono, na upande wa pili kuna nyama laini inayohisi.

Mkuu wetu wa zizi alikuwa mzee wa Kimeru asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza aliniona nimekamata hatamu kama mtu anayevuta mtumbwi kuupandisha ukingoni. Akaniita.

"Kijana, kwenu wapi?"

"Mto Kilombero."

"Mnavua?"

"Tunavua."

"Kwa mshipi?"

"Kwa mshipi pia, mzee."

"Basi shika mshipi."

Maelezo mengine hayakuhitajika. Nani hapa hajui kambale anavyogusa chambo? Habari hupanda kwenye uzi, taratibu, mpaka kwenye kidole. Uzi uliolegea hauleti habari, na uzi ulioukamata kwa ngumi hauleti pia. Ndivyo zilivyo hatamu: amri inashuka nazo, na habari inapanda nazo. Farasi husikia kishimo kilichofichwa na nyasi kabla yako. Husita kidogo tu, na kusita huko hufika kiganjani mwako. Nilijifunza kwamba mpandaji mzuri hatambuliwi kwa ukali wa amri anazotuma. Hutambuliwa kwa habari anazopokea.

Zizini palikuwa na farasi waliovutwa hovyo mpaka vinywa vyao vikafa ganzi, na kila mtu aliwajua na kuwaogopa. Lakini palikuwa pia na jike mmoja mwekundu, mtulivu, aliyelelewa na mwenye shamba tangu utoto wake. Hakuwahi kuchapwa. Siku moja alimbeba bwana wake moja kwa moja hadi ndani ya korongo, mchana kweupe, bila kusita hata kidogo. Wote wawili walipona. Sisi tulishangaa, maana macho ya mnyama yule yalikuwa mazima. Mzee wa Kimeru hakushangaa. Alisema, "Amemwamini mno. Ameacha kumwambia."

Sasa nije kwa Mama Stefania, na wale wanaodhani nimepotea njia wataona nilikuwa naelekea wapi.

Mnakumbuka mwaka ule ng'ombe wa Nkwabi walipoingia kwenye mpunga wetu ukiwa ndio kwanza unatoa masuke. Vijana walishachukua mapanga, nao vijana wa Kisukuma hawakuwa mikono mitupu. Mama Stefania, wakati huo akiwa mwanachama wa kawaida, aliketi katikati ya njia, akakunja kanga yake vizuri kama mtu aliye barazani kwake. Akawaambia vijana wetu, "Anayetaka kupita apite. Ila aniambie kwanza mwakani atalima na nini, maana mkono wa jembe nao huvunjika." Kisha akamgeukia Nkwabi. "Na wewe, kaka yangu, ng'ombe wako wamekula shibe. Walioshiba hufanya kazi. Niletee hapa walime." Je, si Nkwabi huyu aliyelima shamba lile lote, na je, si tangu siku ile wao hutulimia na sisi baada ya mavuno huwaachia mabua kwa mifugo yao? Wapo mabonde ambako jambo hilohilo liliishia makaburini. Hapa liliishia kwenye makubaliano, na msimu uliofuata tukamchagua kuwa mwenyekiti.

Alipoingia, aliweka desturi ambayo sijaiona kwingine. Togwa ya mkutano ililetwa mapema na kuwekwa mbele ya watu, na kata ya kuchotea haikuguswa mpaka mtu mmoja ampinge mwenyekiti kwa sababu ya maana. "Asiyepingwa hanywi," alisema, "na mkinyamaza mnaninyima na mimi." Wageni, nyinyi hamkuwapo: watu walisimama, wakabishana, wakasutana, kisha wakanywa pamoja. Katika mabishano hayo tulipanga zamu za kulima, tukachimba mifereji, tukawapokea akina mama wajane kama wanachama kamili. Mkono wake ulikuwa mwepesi juu yetu, na kila tulichokihisi ulikipata.

Lakini tulimpenda, ndugu zangu. Miaka ilivyokwenda, hoja zikawa mzaha wa kuharakisha kinywaji. "Mama, mimi napinga rangi ya kilemba chako." Kicheko, kata inazama. "Mama, mimi napinga jua la leo." Kicheko tena. Naye alicheka pamoja nasi, kwa kuwa ni mtu wa furaha, na hakuna aliyeona kuna kitu kinachokufa.

Mwaka juzi kulikuwa na ukame, nanyi mnaukumbuka. Kwa hiyo msimu ulipokaribia, Mama Stefania alishauri vitalu vyote vishushwe chini kabisa mbugani, karibu na mto, miche isikose maji. Beatus akasimama kusema kwamba anaona hatari. Kabla hajamaliza, sauti zikamzomea akae, kijana gani huyu asiye na adabu kwa Mama. Mama akasema, "Mwacheni aseme." Hatukumwacha. Na papo hapo Dionisi, mvuvi wetu, akapaza sauti, "Mimi napinga, Mama! Togwa haina sukari!" Tukacheka, tukanywa, tukatawanyika. Kisha zikaja zile mvua ambazo redio ziliita El Nino, na mto ukapanda ukachukua vitalu vyote. Tulikula kwa sababu ya mashamba machache ya juu na kwa sababu majirani hawakutufungia milango.

Maji yalipopungua, nilikuwa na Mama kivukoni alipomkuta Dionisi akitengeneza wavu.

"Dionisi, mwanangu, wewe unalala na mto. Ulijua?"

"Nilijua, Mama. Samaki waliingia kwenye matete mapema mno, na maji yalishabadilika rangi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Dionisi akaacha wavu. Hakuwa na dharau wala woga. Alisema kwa upendo mtupu, "Nilidhani mimi ndiye niliyekosea. Wewe, Mama, utakosea vipi?"

Nilimtazama Mama Stefania. Mbele ya mapanga, siku ile ya ng'ombe wa Nkwabi, hakutikisika, na mafuriko yenyewe hayakumtoa machozi. Jibu lile lilimtoa. Tukatembea hadi sokoni, ndipo akaniambia, "Kaka, wameacha kuniambia. Nikikaa zaidi nitawaua kwa kupendwa." Juma lile akaandika kuomba kupumzika.

Ndugu wanachama, mmesikia viongozi wangapi wakilalamika kwamba watu hawawatii? Na mmesikia wangapi wakilalamika kwamba wanatiiwa kupita kiasi? Mimi nimeishi katika sehemu nyingi za nchi hii, nimesoma kila gazeti lililofungiwa sukari, na nimemsikia mmoja tu, naye ameketi pale. Wengi huziachia hatamu wakinyang'anywa, au mkono ukilegea kwa uzee. Yeye mkono wake ungali imara. Anaziachia kwa kuwa amehisi kimya upande wa pili, na kuhisi kimya ni kazi ngumu kuliko kuhisi kishindo. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwangu, kuliko mifereji, kuliko hata siku ile aliyoketi njiani kati ya mapanga.

Kwa hiyo, enyi mlionituma nimbembeleze, mnisamehe. Siwezi. Mnasema mnataka abaki kwa sababu mnampenda, nami nawaambia kwamba upendo huohuo ndio uliolaza ulimi wa Dionisi. Mkimlazimisha kwa katiba, mtakuwa mmempa kiti na kumnyima mkutano. Atakuwa peke yake mbele yenu, akisema, nanyi mkiitikia, mpaka mto utakapokuja tena.

Beatus, mwanangu, simama watu wakuone. Wewe ulizomewa, na ulikuwa na haki. Usijivunie hilo, maana msimu ujao utakuwa huna haki katika jambo fulani, na tutahitaji mtu wa kukuzomea wewe. Dionisi, nakuomba uwe wa kwanza. Nawe, Mama Stefania, utakapokuwa mwanachama wa kawaida tena, kaa katikati yetu, wala usikae mbele, na ukiona Beatus anakosea mwambie kwa sauti kama mtu mwingine yeyote, kisha tuache na sisi tukukatalie. Tutajifunza polepole. Mwanzoni tutaona haya.

Nina kura moja katika Umoja huu. Mkono wangu utanyooka kumruhusu aende, na najua utakuwa mzito, kwa kuwa na mimi ningependa abaki.

Nawashukuru nyote kwa subira yenu na kwa masikio mliyonikopesha. Ndugu Katibu, mkutano ni wako. Waulize sasa, na uanze na yule asiyekubaliana nami.