Mashini Iliyokataa Kona

Bandugu yangu, mukae vizuri, mi nikishasimama siketi haraka. Leo nimekuja mbele ya kanisa na bulangeti mukononi. Musiangalie katikati. Kuunga bipande ya bitenge, kila mama hapa anaweza. Fundi anajulikana ku pindo.

Nawaeleza pole pole. Tunakata mukanda ya kitambaa toka kona mpaka kona, ili ivutike. Bafundi tunaiita biye. Mashini inaishona kwanza ku mugongo wa bulangeti, tunaikunja kuja mbele, mashini inapita tena juu yake. Bengine banamalizia na mukono, mi natumia mashini mara zote mbili. Lakini mashini yangu ilikuwa na kichwa ngumu. Ikifika ku kona ya kuchongoka, kitambaa inakuwa nene, sindano inavunjika. Basi nilikuwa naweka sahani ku kila kona, nachora, nakata mviringo. Muke yangu alikuwa ananichekelea: "Mashini yako inakataa kona kama mutoto anakataa kuoga."

Yeye pia alikuwa anashona. Alijua yote, isipokuwa pale ncha mbili ya biye zinakutana. Pale alikuwa anaacha nafasi ya kiganja, ananiita: "Papa, kuja umalizie."

Siku vita iliingia Baraka, mi nilikuwa kando ya ziwa, nimepeleka bulangeti kwa mwenye mashua. Bantu balikimbilia mashua, balinisukuma ndani, ikaondoka. Muke yangu alibaki ku nyumba na mashini. Kule ng'ambo ya ziwa, ku kambi ya wakimbizi, muntu wa quartier yetu, jirani wa mtaa, aliniambia: "Muke yako tulimuacha ku njia ya Fizi. Hakuamuka tena." Alisema akiangalia viatu yake. Na mi niliangalia ile viatu, nikajiuliza aliitoa wapi.

Pale njo nilianguka, bandugu. Sikulia. Nilianza kushuku. Ukinipa chakula, nainusa kwanza. Ukinisalimia, najiuliza unatafuta nini. Niliacha kushona, niliacha kuomba, nilikuwa nakaa nimeupa ukuta mugongo.

Niliporudi Baraka, nyumba haikuwa na paa, mashini haikuwako. Mulango yangu nikaiona ku nyumba ya jirani, na rangi yangu juu yake.

"Mashini iko wapi?"

"Vita ilibeba."

"Na mulango?"

"Ile, mi niliichunga."

Munacheka! Mi sikucheka.

Siku moja nilienda ku soko ya Mboko, nikaona mama anauzisha bulangeti. Kona zake zilikuwa za mviringo. Nikapindua pindo: mashini ilipita mara mbili. Nikatafuta pale biye inaisha, nikakuta imerundikana, imeshonwa ovyo. Nikasema moyoni: huyu mwizi alichukua mashini, lakini hakujifunza mpaka mwisho. Na yeye njo anajua muke yangu alikufa namna gani. Pengine ni yeye alimuua.

"Mama, nani alishona hii?"

"Papa, unanunua bulangeti ao unanunua muntu?"

"Nauliza tu."

"Bantu ba kuuliza tu, tulishabaona. Bakitoka, kesho nyumba inaungua."

Nikaona nimtege. Nikamuambia: "Basi, fundi anishonee moja. Kona zote ine za kuchongoka." Mwenye mashini ya kawaida angeweza. Yangu ingekataa, na mi ningejua hakika.

Siku ya soko iliyofuata nilirudi na makasi ndani ya koti. Haikuwa ya kukata kitambaa, Mungu anajua. Yule mama akafungua bulangeti. Kona zote ine zilikuwa za mviringo. Na ku upande moja, biye ilikuwa wazi, nafasi ya kiganja, ncha mbili zinaning'inia.

"Fundi anasema mashini yake inakataa kona," akaniambia, macho makali. "Anasema, kama we unajua, umalizie mwenyewe."

Nilikaa chini, pale pale katikati ya mihogo. Nikatoa ile makasi. Nikakata ncha mbili, nikaziunganisha upande kwa upande, nikashona na sindano ya mukono. Nilipokata uzi, mama moja aliyejifunika kichwa akatoka nyuma ya mifuko ya mihogo.

"Papa," akasema, "ile makasi ulileta juu ya nani?"

Alikuwa muke yangu. Nililia kama mutoto. Yeye balimuambia mi nilizama ziwani. Ku njia ya Fizi alianguka kweli, lakini aliamuka, akabeba kichwa ya mashini mugongoni na kitenge mpaka Kilembwe, kisha mpaka Mboko, bantu banafikiri ni mutoto. Alipopata habari ya muntu anayetaka kona za kuchongoka, aliogopa. Alisema: "Nilifikiri hukuzama, balikushika, balikupiga mpaka ukasema siri zetu. Njo maana niliacha pale wazi. Mukono wako hakuna muntu anaweza kuiiga."

Namushukuru yule mama wa Mboko aliyekataa kunijibu, kwa sababu hakujua mi ni nani. Nabashukuru bandugu ba kanisa hii, mulituezekea paa. Jirani naye alirudisha mulango bila kuombwa. Mpaka leo najiuliza alisikia nini.

Siwaambii muache kushuku. Ile vita, mwenye kuamini kila muntu hakurudi. Nawaambia tu, mukifunga moyo, muache nafasi ya kiganja, kwa sababu muntu wako anaweza kuwa bado njiani.

Sasa niketi. Muke yangu pale nyuma amekwisha kuinua kitambaa, maana yake nimesema mingi, na kazi iko inaningojea nyumbani. Ameshaacha pale wazi.