Viti Vitatu vya Kwenye Kona

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Ustawi wa Jamii, mkuu wa chuo, wakufunzi wetu, walezi wa kituo cha watoto, wazazi na ndugu wote mliofika:

Makaribisho

Karibu sana, mama. Tunajua umeacha meza imejaa mafaili ili uje kukaa nasi katika ukumbi huu wenye feni moja, na hiyo moja tumeielekeza kwako. Sisi ni wanachuo arobaini na mmoja wa mwaka wa pili, tunaosomea makuzi ya mtoto na mazingira ya jamii anamokulia. Risala hii ilipitishwa ikiwa na kurasa mbili. Sasa ina tatu. Mkuu wa chuo tunamwomba radhi hapa hapa, mbele yako, kwa sababu akituita ofisini kesho tutakosa la kusema.

Historia fupi

Kozi yetu ilianza miaka sita iliyopita katika chumba kilichokuwa stoo ya vitanda. Ng'ambo ya ua kuna kituo cha kulelea watoto mchana. Kila wiki tunavuka ua kwa zamu, watatu watatu, tukiwa na ubao wa kuandikia, penseli na fomu, tunakaa kwenye viti vitatu vya kona kwa saa nzima, tunaandika tunachokiona.

Mkufunzi wetu alitupa sheria moja tu. "Mkishaingia mle, nyinyi si watu, ni viti. Kiti hakicheki, hakinong'oni, hakimfungi mtoto kamba za viatu." Tukaishika. Mwenzetu mmoja alilaliwa na mtoto wa miaka miwili mpaka saa ikaisha. Alitoka na fomu tupu, kwani mkono uliolaliwa ndio wa kuandikia. Mlezi mkuu wa kituo naye akatupa jina. Tukitokea tu mlangoni anawaambia watoto, "Haya, viti wamefika. Msiwasumbue."

Tuliyoyaona

Mama, tulikuja hapa tukidhani tunawajua watoto, kwa kuwa wote tuliwahi kuwa watoto. Tumemwona mtoto wa miezi kumi akinyoosha mkono kumgusa mbwa wa kitambaa, akasita, akageuka kumsoma mlezi usoni, kisha ndipo akagusa. Tumemwona pacha akimlilia pacha mwenzake aliyeanguka, na aliyeanguka akaacha kulia ili ambembeleze. Tumemwona wa miaka mitatu akilaza mdoli, akimpigapiga mgongoni mara mbili, akitulia, mara mbili tena, akitulia. Jioni mama yake alipokuja, akamchukua mdogo wa mtoto huyo mgongoni, tukaona mkono wa mama ukipiga vilevile. Mara mbili, akatulia.

Kitabu kilituambia kwamba mtoto hujifunza kwa kutazama. Hakikutuambia kwamba ukiliona jambo hilo kwa macho yako utashikwa na woga, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kupiga hodi.

Changamoto

Kitabu chenyewe ni kimoja kwa darasa zima, madawati ni machache, na paa linavuja upande wa wavulana. Hayo yote yamo katika kurasa zile mbili na utazipata kwa maandishi. Changamoto yetu kubwa ni fomu moja tuliyoijaza.

Kituoni yupo binti wa miaka minne. Jina lake hatulitaji, maadili ya kazi yanatukataza. Analelewa na shangazi yake, ambaye ni dobi, tangu wazazi walipofariki, na ni huyo shangazi aliyeturuhusu kuyasema haya. Amekaa safu ya nyuma. Mwaka huu aliomba ulezi rasmi, kamati ya ustawi wa jamii ikataka ripoti kutoka kituoni, na kituo kikatoa ya kwetu.

Kwa wiki nane tulikuwa tumeandika hivi: "Hachezi. Hasemi. Hukaa peke yake, kipande cha boksi mkononi, akiwatazama wenzake." Chini, kwenye Maoni, tukaandika: "Mtoto amejitenga. Inaonekana nyumbani hapati uangalizi wa kutosha." Kamati ikasoma, ikapendekeza apelekwe makao ya watoto. Faili liko mezani kwako, mama. Linasubiri sahihi yako Jumatatu.

Wiki ya tisa mmoja wetu alidondosha penseli, akamnong'oneza jirani yake amwokotee. Binti yule, ambaye hatukuwahi kuisikia sauti yake, akageuka na kuweka kidole mdomoni.

"Shh. Dada, sisi tuko kazini."

Hapo ndipo tulipomwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevuta kiti chake mpaka kikawa kwenye mstari mmoja na vyetu, cha nne. Miguu ameibana kama sisi. Boksi limelala pajani kama ubao wetu, na kalamu ya rangi ya bluu kaishika kama tunavyoshika penseli. Alikuwa akicheza tangu wiki ya kwanza. Mchezo wake ulikuwa sisi. Tulisomea mazingira ya mtoto miaka miwili, na hatukujua kwamba siku tulipokaa kwenye ile kona tulikuwa tayari sehemu ya mazingira yake.

Tulikwenda nyumbani kwake. Shangazi alikuwa anapiga pasi.

"Huyu hasemi?" akauliza. "Wanangu, mimi hapa namwomba anyamaze nikumbuke shati gani la nani. Anapanda juu ya lile kapu la nguo, ananiandika. Juzi kanisomea, 'Shangazi hachezi.' Nikamwambia andika na mgongo unamuuma. Akaandika."

Tulicheka naye, kisha tukamweleza kwamba fomu ile iliyoko kwenye faili ni yetu. Hakutugombeza. Aliisimamisha pasi, akakaa, akauliza, "Sasa mtaifuta?" Tuliona aibu, mama, na mpaka leo tunaiona.

Ombi

Tuliandika barua kwa kamati. Tukajibiwa kwamba faili limeshapanda juu, na wa kulirudisha ni mkurugenzi peke yake. Tunakuomba ulirudishe. Mtume ofisa wako aende kwa dobi huyu, akae saa nzima, na akikaribishwa kuongea aongee. Ukisema tuchague kati ya hilo na madawati, tumeshachagua. Tutaendelea kubanana na hatutanuna.

Tunakukabidhi karatasi mbili. Ya kwanza ni masahihisho yetu, yenye sahihi arobaini na moja. Ya pili ni boksi lenyewe. Mwenyewe ametuazima, yupo pale pembeni mwa shangazi yake, na amesema analitaka kabla ya kurudi nyumbani. Utaona mistari ya bluu. Tulipomwomba atusomee, alipitisha kidole akasoma, "Kiti wa kwanza hachezi. Kiti wa pili hachezi. Kiti wa tatu anasinzia."

Mkufunzi wetu akamwuliza mstari wa chini kabisa unasemaje, pale ambapo fomu yetu huwa na Maoni.

Akasema, "Waitwe wacheze."

Sisi tulimwandika wiki nane, na hakuna aliyefikiria kuandika hivyo.

Tunakuombea, mama, afya njema, usingizi mnono, na kalamu isiyo na haraka siku ya Jumatatu. Mwenyezi Mungu akubariki wewe na nyumba yako.

Ni sisi, wanachuo wa mwaka wa pili,
Makuzi ya Mtoto na Mazingira ya Jamii.

Imesomwa kwa niaba yao na aliyeijaza fomu ile, kiti wa tatu.