Chuma Kilichotoka Pajani mwa Enoka

Waliokuwepo kijiweni pale Kawajense ni hawa: Deusdedit Mbalamwezi, tunayemwita Jaji kwa kuwa aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, Anicet Ndayizeye, maarufu kama Redio, Jean-Marie, mwuza kahawa, ambaye wengi humwita Jamari na yeye huitika, mimi, na Enoka Katabi, mwenye habari. Enoka alipigana vita vya Kagera akarudi na kipande cha bomu pajani. Mwezi uliopita alipanda mtini kulina asali, nyuki wakamuuma paja lile lile. Likavimba, likapasuka, na chuma kikatoka chenyewe. Sasa kilikuwa kwenye kiganja cha Jaji, kidogo kama punje ya hindi.

Redio: Miaka yote hiyo kilikuwa kinatafuta mlango.

Jaji: Wahenga walisema, kibaya chajitembeza.

Jean-Marie: Kina joto, jamani. Kishikeni.

Redio: Joto la mkono wako hilo, Jamari. Si umetoka kushika birika?

Jaji: Tuje kwenye shauri. Fidia ya ulemavu wa vitani, Enoka anastahili au hastahili? Mimi naona hastahili tena. Asiyekuwepo na lake halipo. Chuma kimetoka, na madai yametoka nacho.

Redio: Kwa hukumu hizo ndo maana baraza lilikuchoka. Mtazame anavyokaa. Mguu haukunjiki, mzee.

Jean-Marie: Walipe kwa uzito. Kilipoingia kilikuwa kikubwa, kimeliwa na damu.

Redio: Kimeliwa wapi? Kimekua. Chuma kikikaa kwenye nyama kinanenepa kama muhogo. Nyie hamjui tu.

Jaji: Basi alipe aliyekirusha. Mali ya adui hiyo, irudishwe na barua.

Walitania, lakini kila mmoja alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitoto kichanga.

Enoka: Daktari hana neno na mguu. Anasema ulemavu upo. Kinachotakiwa ni kujulikana kwamba niliupata vitani, si shambani. Karatasi zangu ziliungua na nyumba. Nikampelekea hicho.

Jaji: Akasemaje?

Enoka: Akasema kinafanana na kipande cha jembe. Nilikuwa nimekisugua kwa majivu na mchanga. Niliona aibu kumpelekea daktari kitu kichafu.

Hapo alifika Josephat Sangu, dereva wa bodaboda, ametoka kushusha abiria. Alitusalimu, tukaitika, akaomba kikombe na kusikiliza akiwa amesimama.

Josephat: Babu, siku ile unaumia, nani alikuona?

Jaji alimtazama Redio. Tulikuwa tumekaa na Enoka miaka mingi, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemwuliza.

Enoka: Isidori Mwanisenga. Alinibeba mgongoni ndani ya matete, maji kiunoni, tangu asubuhi mpaka tukalifikia lori. Nikitaka kulala, ananitajia mizinga yake ya nyuki, mmoja mmoja, na mti ambapo kila mmoja umetundikwa. Anataka niirudie. Nikikosea ananizamisha kidogo, nashtuka, tunaanza upya. Mpaka leo naijua mizinga yake kuliko yangu.

Jean-Marie alisahau kumimina. Mimi nilikitazama tena kile chuma, nikaona kuwa kilikuwa kitu kidogo sana.

Jaji: Kumbe shahidi yupo. Anakaa wapi?

Enoka: Kwao, Litapunga. Hatujaonana tangu mkewe afe.

Redio: Dogo, si unatoka huko wewe? Kesho asubuhi mpakie Enoka, mkamlete.

Josephat aliweka kikombe kwenye benchi.

Josephat: Isidori Mwanisenga alifariki Jumatano. Tulimzika Alhamisi.