Neno "Imetolewa" na Barua ya Muuguzi Mwenzetu

Mgeni rasmi, mheshimiwa Mkurugenzi; daktari wetu bingwa; na wewe baba, mume wa marehemu, uliyekubali kuketi nasi ingawa hatukustahili: karibuni. Asiyekuwepo ni muuguzi wa wodi, tunayemwita Dada Mkubwa. Yuko nyumbani akingoja uamuzi wako, mheshimiwa Mkurugenzi. Tumekuja kumtetea.

Tumepewa dakika tano, na anayetushikia saa ni daktari bingwa, ambaye hajawahi kumaliza kazi kwa muda aliousema mwenyewe.

KAZI YETU

Huu ni mwaka wa sita tunapasua umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Njia hiyo haikosi vijidudu, na ukiifungua vinaweza kumwagikia kifuani. Kwa hiyo mgonjwa huchomwa dawa ya kuzuia maambukizi ndani ya saa moja kabla ya kisu, ili kisu kiikute dawa imeshaingia kwenye damu. Wengi wamerudi nyumbani wakimeza vizuri. Mmoja alikuja kututafunia karanga mbele ya macho yetu. Tulivimba vichwa, hatukatai.

TULIPOKOSEA

Marehemu alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Dada Mkubwa alipomleta mlangoni pa chumba cha upasuaji tuliuliza, "Dawa vipi?"

Dada Mkubwa akajibu, "Imetolewa."

Alimaanisha imetolewa kabatini, iko kwenye bahasha pamoja na faili, tumchome sisi. Sisi tukaelewa mgonjwa keshachomwa. Fomu ikawekwa alama ya vema.

"Nishoneni vizuri jamani," mama alituambia kabla ya usingizi. "Mimi fundi, nitakagua." Tulicheka naye.

Upasuaji ulichukua saa saba. Tulipokuwa tunafuta meza tukakikuta kichupa ndani ya bahasha, kifuniko hakijaguswa. Tulimchoma palepale, lakini tulikuwa tumechelewa. Siku ya tano kifua kilijaa usaha. Siku ya tisa alifariki.

Hatuwezi kuapa kwamba dawa ingemwokoa. Tunajua tu kwamba hatukumpa nafasi hiyo, na tunajuta, baba. Tunajuta sana.

Siku hizi neno lile ni marufuku mlangoni. Tunauliza, "Nani kamchoma, saa ngapi?" Aliyechoma hujibu mwenyewe. Upasuaji ukirefuka, tunauliza tena kama dozi ya pili imefika wakati wake.

MAOMBI

Tunaomba saa ya ukutani, iliyopo imesimama. Tunaomba dawa hiyo ikae chumbani kwetu, isizungushwe na mafaili.

La mwisho, mheshimiwa, ni barua ya kumwachisha kazi Dada Mkubwa. Ina jina lake peke yake. Swali lile bovu tuliuliza sisi, bahasha hatukuifungua sisi, na mkono ulioweka alama ya vema ndio huu ulioshika risala. Tunaomba barua hiyo irudi iandikwe upya, na jina langu litangulie.

Mungu ampumzishe mama fundi, awakuze wanawe, na akujalie wewe, mheshimiwa, moyo mpana.

Ni sisi, wafanyakazi wa chumba cha upasuaji.