Cheti Bado Si Halali

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu hapa sokoni Tawa, limeegemea ukuta wa duka la pembejeo, na mguu wake mmoja ni jiwe. Wanalikalia watu walewale kila asubuhi. Sijawahi kumtoza mtu kwa kukaa, ingawa wengine wangefaa kutozwa kwa kuongea. Yuko Mutie, tunayemwita Injinia kwa sababu alisomea redio wiki tatu. Yuko Muigai wa mitumba, mtu wa Murang'a aliyekuja hapa kuuza siku moja akaishia kuoa. Huyo tunamwita Wakili, tangu alipotoa ushahidi kortini juu ya mbuzi. Yuko Nyamai Dubai, aliyelinda mlango wa jumba fulani huko kwa miaka miwili. Na yuko Nthenya, anayetuuzia kahawa ya tangawizi, lakini Jumanne hiyo saa tano ilifika kabla hajamimina hata kikombe kimoja. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

Jambo lenyewe tulilijua sote. Shule moja ya bweni upande wa Kanyangi ilikuwa inatafuta karani wa stoo, na Nthenya alikuwa ametuma maombi. Barua pepe ya kumwita kazini iliingia tangu Ijumaa, ila simu ilikuwa kwa Injinia ikibadilishwa betri, kwa hiyo akaisoma Jumanne asubuhi: fungua linki hii uthibitishe kabla ya saa sita mchana siku ya Jumanne, la sivyo nafasi itapewa mwingine. Miaka kumi na mmoja ya jiko la makaa imemharibu kifua, na daktari alimwambia wazi aachane na moshi. Haikuwa mchezo. Na kila akiifungua ile linki, simu yake, ambayo ameiweka kwa Kiswahili, ilimwandikia maneno yaleyale mekundu.

Nthenya: Sikizeni tena. "Onyo la usalama. Cheti hiki hakiaminiki. Cheti hiki bado si halali." Halafu chini imeandika "Rudi nyuma" na "Endelea hata hivyo".

Injinia: Hiyo ni netwaki. Hapa tuko kwa shimo. Panda huko juu kwa kanisa, uinue mkono.

Nthenya: Nimepanda. Nimeinua mpaka mama mmoja akakuja kuniombea.

Wakili: Wacheni haraka. Hiyo mstari ya mwisho imesema "bado". Kwa sheria, "bado" si "hapana".

Nyamai: Bado ya nani? Mimi niliambiwa visa bado, nikakaa miezi saba nikikula kwa shemeji.

Mimi: Kwanza ni cheti gani?

Injinia: Ya simu. Kila simu iko na cheti yake ya kuzaliwa. Hii alinunua mitumba, si ajabu haina.

Wakili: Usiingize mitumba hapo, tafadhali. Hiyo cheti si ya simu, ni yake. Nthenya, si ulituma cheti ya form four?

Nthenya: Nilituma.

Wakili: Basi. Imepelekwa Nairobi, imepimwa, na hii ndio majibu imerudi.

Nthenya alikalia kreti ya vikombe polepole. Mimi nilikuwa nashona soli, lakini niliona uso wake ukibadilika, na nikadhani ni uchovu.

Nthenya: Kwani wanaweza kupima?

Wakili: Siku hizi? Kuna mashine inasoma karatasi mpaka inajua jasho ya mwenye alifanya mtihani.

Nyamai: Hiyo ni ya zamani. Kule nilikuwa, mashine inajua hata kama uliangalizia kwa jirani, na inakuambia jirani alikuwa amekaa upande gani.

Injinia: Na mimi naona hiyo si linki. Ni mtego. Ukibonyeza "Endelea hata hivyo", kamera inajifungua, wanaona uso yako, wanaona hii benchi, landrova ya polisi inatoka Wote.

Nyamai: Wanaona na sisi?

Injinia: Wewe ndio uko katikati.

Nyamai alisogea pembeni. Kwa kweli alisogea, mtu mzima na kofia yake.

Wakili: Tena angalieni hiyo neno, "hata hivyo". Huko ni kukiri. Ni kusema najua ni makosa, na bado naendelea. Korti inapenda hiyo sana.

Nilikasirika. Niliwaambia wanyamaze, kwamba mtu ana dakika arobaini tu na wao wanamletea landrova. Lakini Nthenya alikuwa ameshaacha kutusikiliza. Aliweka simu mapajani, kioo kikiangalia chini.

Nthenya: Si yangu.

Mimi: Simu?

Nthenya: Cheti. Ni ya dada yangu Kaveke. Mimi nilipata D, na hiyo shule ilitaka C. Kaveke aliniambia chukua, yeye ameolewa Kyuso analima ndengu, na ndengu haiulizi cheti. Pale cyber wakafuta jina yake wakaweka yangu. Wamejua. Ngai, wamejua.

Mimi ni mzee wa kanisa, na barua ya kusema namjua Nthenya kuwa mwaminifu niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikapiga na muhuri. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, yote kwa pamoja, na sikujua lipi litangulie.

Wakili: Hayo maneno, sisi hatujayasikia.

Nyamai: Mimi nilikuwa nimesogea.

Hapo ndipo alipofika Wangechi, mwanamke anayetembeza dawa za kuku kwenye maduka ya pembejeo. Tulikuwa hatujamwona kabla ya siku hiyo; jina tulilisoma kwenye beji yake. Kamba ya kiatu chake ilikuwa imekatika. Aliketi, akanipa kiatu, akatutazama.

Wangechi: Mbona mnakaa hivi? Kuna matanga?

Nilimwambia simu imekataa kufungua barua ya kazi ya shule, inasema cheti bado si halali, na mwisho ni saa sita. Nikaishia hapo.

Wangechi: Na simu yenyewe inasema leo ni tarehe ngapi?

Kila mmoja wetu alijua tarehe ya leo. Kuiuliza simu hakuna aliyewahi. Nthenya aligeuza kioo, akafungua kalenda, akasoma kwa sauti ndogo: tarehe moja Januari, elfu mbili na kumi na saba.

Injinia alianza kukohoa.

Injinia: Nikibadilisha betri inasahau kila kitu. Saa niliweka. Tarehe nani huangalia?

Wangechi: Simu huangalia. Hiyo cheti si yako, mama. Ni ya website ya shule, ni kama kitambulisho ya kuonyesha kwamba ni yenyewe. Imetolewa mwaka huu, na simu yako inajiona iko 2017. Itaamini aje karatasi ya miaka ijayo? Ndio maana inasema bado.

Nthenya: Haisemi mambo ya form four?

Wangechi: Form four inaingilia wapi? Lete. Hiyo "Endelea hata hivyo" usikuwe unabonyeza ovyo, mara ingine ni wezi kweli. Tunaenda settings, tarehe ijiweke yenyewe. Haya, rudia linki.

Ukurasa ulifunguka, mweupe, nembo ya shule juu, na chini yake: Hongera, Nthenya.

Wakili: Si nilisema? Bado si hapana.

Nyamai alirudi katikati ya benchi akaomba kahawa, na Injinia akaanza kutueleza kwamba kuhusu tarehe alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Mimi pia nilicheka, kwa sababu hakukuwa na landrova iliyokuwa inakuja. Nthenya hakucheka. Alikuwa anatuangalia kwa zamu, watu wanne ambao nusu saa iliyopita hawakujua siri yake.

Wangechi: Msimsumbue, zimebaki dakika nne. Mama, hapa wanataka kitu kimoja tu, uweke tiki halafu utume. Imeandikwa, "Nathibitisha kwamba vyeti vyote nilivyowasilisha ni vyangu halali." Ni zako, si ndio?

Kidole cha Nthenya kilikuwa juu ya kile kisanduku, hakijagusa. Aliniangalia mimi. Nilishika kiatu cha Wangechi nikatafuta mahali pa kupitisha sindano, na kamba nilikuwa nimeshaimaliza. Wakili aliangalia magari. Injinia aliangalia mikono yake.

Wangechi alitutazama mmoja mmoja, akidhani labda hatukusikia, akauliza tena.