Kalista Kihwele na Nyama ya Mkeka Mmoja

Kalista Kihwele, tunayemuaga leo hapa Guangzhou kabla ya mwili wake kurudishwa nyumbani, alizaliwa tarehe 9 Mei 1957 katika kijiji cha Kalenga, Iringa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Gaspari Kihwele na Mama Leonsia. Wazazi wake walisimulia kwamba alizaliwa na sauti ya kuamsha kijiji kizima, na sauti hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwanyoosha wauza nguo wa jumla wa Zhanqian Road, hapa mjini.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Mwaka uliofuata alichukuliwa jikoni kwa masista wa Kiitalia, Tosamaganga, na huko akaangukia mikononi mwa Sista Ernestina. Sista alimfundisha nyama ya kwao iitwayo brasato, ambayo Kalista aliiita barasato mpaka mwisho wa maisha yake. Ni pande zima la nyama ya ng'ombe, hufungwa kwa uzi, likakaangwa pande zote hadi liwe jekundu, kisha likalazwa juu ya vitunguu na karoti na kumwagiwa divai. Sufuria ikishafunikwa, moto ni mdogo na haifunuliwi ovyo. Kalista alimwahidi Sista kwamba hatapunguza kitu wala kuongeza kitu.

Shedrack Chengula, mfanyabiashara kutoka Makete, alifika jikoni hapo kuuza vitambaa, akafunua sufuria kuchungulia. Kalista akampiga mwiko wa mkono. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa watoto wawili, Flavia na Calvin.

Machi 1997 Kalista na mumewe walihamia hapa, wakapanga nyumba mtaa wa Dengfeng. Alinunua nguo kwa jumla na kuzituma Iringa na Dar es Salaam, akisaidiwa na mdogo wake, Anatory, anayesoma wasifu huu. Chumba cha pili alimpa Safia Abdulwakil, mfanyabiashara mwenzake kutoka Unguja. Mchana walikuwa pacha. Laoban, yaani mwenye duka, akitaja bei, Kalista anafoka, Safia anajifanya anaondoka, na bei inashuka yenyewe.

Lakini kila Jumapili, barasato ilipoiva, Safia alijifungia chumbani na wali wake. Jambo hilo lilimuuma Kalista kuliko alivyoonyesha. Kwao Kalenga, mtu wa nyumbani kula peke yake ni msiba.

"Shoga, usinione najidai," Safia alimwambia. "Chakula chako chanukia mpaka kwenye mto wangu wa kulalia. Lakini mna mvinyo."

Kalista aliwaza wiki nzima. Kisha akavunja ahadi aliyompa Sista Ernestina. Alinunua nyama kwenye bucha la Waislamu wa Kichina karibu na msikiti, akanunua sufuria mpya isiyojua divai, na badala ya divai akatia plamu nyeusi za chupa alizozipata kwenye maduka ya Yide Lu, ili apate ule uchachu. Jumapili hiyo alikuwa na mafua, pua imeziba kabisa. Aliitisha mkeka, akapakua sinia moja, na Safia akanawa mikono, akakaa. Kalista alikuwa anang'aa kwa furaha.

Wakati huo akaingia Ayi Huang, bibi wa ghorofa ya chini, ambaye harufu ya nyama ilikuwa ikimpandisha ngazi kila Jumapili na bakuli lake. Akaiona chupa ya plamu juu ya meza. Akacheka, akaonyesha mtu anayepiga funda, kisha akayumba huku na huku kama mlevi wa sikukuu. Plamu zile zilikuwa zimelowekwa kwenye pombe kali. Wengine walidhani bibi anacheza. Kalista peke yake ndiye aliyeelewa, na tonge la Safia lilikuwa njiani.

Akamdaka mkono. "Usile, shoga! Humu mna pombe. Sikujua, haki ya Mungu sikujua."

Safia alilitazama tonge, akalirudisha. "Si ungenyamaza tu? Mimi ningejuaje?"

"Halafu Jumapili ijayo nile na nani?"

Shedrack alijaribu kuuliza kama Wakristo hawawezi kuokoa hali. Aliangaliwa tu. Kwa Kalista, nyama ilikuwa ya kuliwa na wote kwenye mkeka mmoja, au itoke nje ya nyumba, basi Ayi Huang akateremka na sinia zima, na wenye nyumba wakalala na chai na mkate. Anatory hajasahau mpaka leo.

Jumapili iliyofuata Safia alitoka chumbani mwenyewe na bonge la ukwaju aliotumiwa na mama yake. "Tia huu," alisema. "Nami nitakula bila kuuliza." Tangu siku hiyo walikula pamoja.

Mwezi Februari 1999 Kalista alianza kuumwa tumbo. Aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa mara kadhaa. Safia alimpikia barasato ya ukwaju na kumnywesha mchuzi kwa kijiko, kwa kuwa nyama haikupita tena. Kalista alikosoa kila kijiko. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Oktoba 1999, alionja, akasema, "Sasa umeweza," akamshika Safia mkono, na kabla ya mchana akatutoka.

Kalista ameacha mume, Shedrack. Watoto, Flavia na Calvin. Mdogo wake, Anatory. Na Safia, ambaye familia inamtaja hapa kama dada wa marehemu, na asitokee mtu wa kuuliza kwa upande upi. Atazikwa Kalenga, kando ya wazazi wake. Huko aliko bila shaka anabishana na Sista Ernestina kuhusu ukwaju, na sisi tuliomjua tunamwonea Sista huruma.

Tukitoka hapa, wote mnakaribishwa Dengfeng. Mkeka umetandikwa mmoja. Safia amepika tangu alfajiri, kwenye sufuria ya Kalista, na mnaweza kula bila kuuliza.

Dada, pumzika kwa amani. Hakuna aliyefunua sufuria.